Transiva ya wati moja na nusu kutoka kibandani: anza na masikio

Wanaonijia kibandani wakitaka kujiundia redio ya kupokea na kurusha huanza na swali lile lile: "Fundi, itafika wapi?" Mimi huwauliza itasikia nini. Redio yenye nguvu nyingi isiyosikia ni sawa na mtu anayenadi sokoni huku ameziba masikio. Ya wati moja inayosikia vizuri itakupatia watu wa kuzungumza nao. Kwa hiyo tutaanzia kwenye hedifoni na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka antena, ndipo tuguse upande wa kurusha.

Tunachounda ni transiva ya redio ya ridhaa ya mita 40, ya Morse tu. Tangu 2003 kanuni za kimataifa haziulazimishi tena mtihani wa Morse, na vijana wengi wanafurahia hilo. Lakini kwa anayejiundia chombo mwenyewe, Morse bado ndiyo njia nyepesi: huhitaji maikrofoni, huhitaji chujio la kristali nyingi, na wimbi lako jembamba linapenya hata likiwa dhaifu. Sisi wa Afrika tuko Kanda ya 1 katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa ya redio, na nafasi yetu kwenye mita 40 ni megahezi 7.000 hadi 7.200. Wanaotumia nguvu ndogo hukutana karibu na 7.030, nasi tutajenga hapo hapo.

Kurusha bila leseni ni kosa. Tanzania leseni ni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, Kenya ni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Anza kushughulikia makaratasi siku unayoanza kuchoma risasi (lehemu), maana upande wa kupokea utakushughulisha wakati ukisubiri. Isitoshe, upande huo ukishafanya kazi utakuwa kifaa chako cha kupimia upande wa pili.

Vifaa

LM386 (aisii ya kukuza sauti), 1N4148 (daiodi) na transista za BC547, 2N3904, 2N2222, BD139 na BD140 zinapatikana Kariakoo, na aliye Nairobi atazipata Luthuli Avenue, kwa kuwa ndizo tunazorekebishia amplifaya na redio kila siku. Vingine usinunue. Taa zile za msokoto zilizokwisha kufa zina pete ndogo ya feraiti ndani. Kusanya tano au sita. Redio kaseti za zamani zenye FM zina vikopo vya IF (koili za masafa ya kati) vya megahezi 10.7, vile vyenye kiini cha rangi kinachozungushwa kwa bisibisi. Kwa wanaosuka upya mota na feni utapata waya wa shaba wenye vanishi. Kitu kimoja tu ndicho cha kuagiza nje: kristali ya 7.030, kijipande kinachoshika masafa yasihame. Agiza mbili, utaona sababu mwishoni.

Katika kutumia kilichopo, mtu wa kumtazama ni Ashhar Farhan wa India, mwenye alama ya wito VU2ESE, aliyebuni transiva ya sauti iitwayo BITX. Mahali ambapo wengine walidai pete maalumu za kuagiza, yeye alisokota koili kwenye washa za plastiki za bomba la maji. Redio ile ikaundwa na watu wa mataifa mengi.

Ubao wetu ni kipande kizima cha bodi ya shaba, upande wa shaba ukiwa juu, na shaba yote ni ethi. Kata vipande vidogo vya bodi nyingine, ukubwa wa punje ya hindi, vigandishe juu kwa supaglu, navyo vitakuwa visiwa vya kuungia miguu ya vifaa. Mguu wa kwenda ethi unachomwa moja kwa moja kwenye shaba. Zile bodi nyeupe za matundu za kujaribia saketi ziache kabisa kwenye kazi hii. Kati ya mstari na mstari mna pikofaradi zisizoonekana, na kwenye megahezi 7 zinatosha kuhamisha osileta, ile saketi inayotengeneza wimbi, au kuizima.

Sauti

Anza na regyuleta ya 7809, inayotoa volti 9. LM386 ya kawaida, ile ya N-1, imekusudiwa volti 4 hadi 12, na betri ya sola ikiwa inachajiwa hupita 14. Upande wote wa kupokea na osileta vile vile utakula hizi volti 9.

LM386: mguu wa 6 volti 9, wa 4 na wa 2 ethi, wa 3 unapokea sauti kutoka volyumu ya kilo-omu 10. Mguu wa 5 unatoka kwa mikrofaradi 220 kwenda hedifoni, na hapo hapo rizista ya omu 10 ikifuatana na nanofaradi 47 kwenda ethi. Ukiiacha hiyo, aisii inaweza kuanza kupiga mluzi peke yake. Kati ya 1 na 8 weka mikrofaradi 10, ukuzaji unapanda kutoka mara 20 hadi mara 200. Mguu wa 7 uupe mikrofaradi 10 kwenda ethi.

Mbele ya volyumu weka BC547 moja. Kolekta inapata volti 9 kupitia rizista ya kilo-omu 4.7, na besi inapata umeme kutoka kolekta kupitia mega-omu 1. Emita ni ethi. Pima kolekta: ukikuta kati ya volti 3.5 na 5.5, transista imekaa sawa. Ukikuta chini ya 3, ongeza rizista ya besi. Kutoka kolekta kwenda ethi ongeza nanofaradi 47. Kijana wangu wa kibandani aliwahi kuniuliza kwa nini naiua sauti makusudi. Naiua kuanzia kilohezi 1 hivi kwenda juu kwa sababu mlio wa Morse ninaoutaka uko hezi 700. Kilichoko juu yake ni makelele. Umeme wa hatua hii upitishe kwanza kwenye omu 100 na mikrofaradi 100 kwenda ethi, la sivyo LM386 itarudisha sauti yake hapa na kuanza kupiga puta-puta-puta kama boti ya injini.

Sasa jaribu kabla hujaendelea. Vaa hedifoni, volyumu nusu, shika chuma cha bisibisi kwa kidole na ugusishe mguu wa 3. Utasikia mngurumo wa umeme wa nyumbani. Kisha gusa besi ya BC547: mngurumo uwe mkubwa mno, wa kukufanya uvute hedifoni. Ukisikia wa kwanza bila wa pili, kosa liko kwenye BC547, na hakuna haja ya kutazama kwingine. Kila hatua inayofuata ina jaribio lake namna hii, na mtu asiyeniamini huunganisha vyote siku moja kisha ananiletea bodi yenye vifaa sitini akiuliza kibovu kipi.

Osileta

2N3904. Besi inapata kilo-omu 47 kutoka volti 9 na kilo-omu 47 kwenda ethi. Pikofaradi 220 kutoka besi kwenda emita, nyingine 220 kutoka emita kwenda ethi, na kilo-omu 1 sambamba na hiyo ya pili. Kolekta inaenda volti 9 kupitia omu 100, na nanofaradi 100 kutoka kolekta kwenda ethi, miguu mifupi. Kristali inakaa kati ya besi na ethi, ila upande wa ethi iunge kwanza na kapasita ya kurekebishwa ya pikofaradi 60. Hizi za 220 ziwe NP0, zile za kauri zenye alama nyeusi kichwani. Za kawaida hubadilika zikipata joto na masafa yanatembea.

Kutoka emita chukua pikofaradi 47 kwenda besi ya 2N3904 ya pili, ambayo kazi yake ni kuilinda ya kwanza na kutoa nguvu: kilo-omu 10 mbili kwenye besi, kolekta moja kwa moja volti 9 na nanofaradi 100 kwenda ethi, emita kwenda ethi kwa omu 270. Itapata vuguvugu na ndivyo inavyotakiwa.

Jaribio: weka redio ya masafa mafupi ya namba kwenye meza ile ile, iwe 7.030, bila kuvuta antena yake. Ukiwasha osileta, ule mvumo wa hewani unanyamaza ghafla. Hiyo ni alama ya wimbi safi lisilobeba sauti.

Kichanganyi

Kichanganyi kinachanganya wimbi la antena na la osileta, na tofauti yao ndiyo sauti unayoisikia. Hapa ndipo redio nyingi za kuanzia zinapoharibikia. Juu ya 7.200 kuna vituo vikubwa vya utangazaji, na jioni kichanganyi dhaifu kitakuimbia taarabu, mahubiri na habari kwa pamoja hata ukigeuza nini. Daiodi nne za 1N4148 na pete mbili za feraiti zinakinga hilo kuliko aisii nyingi za bei.

Chagua daiodi kwa mita yako, kwenye alama ya daiodi. Pima kumi, chukua nne zinazosoma karibu sawa, zipishane milivolti mbili tatu. Usizishike kwa vidole ukipima, joto la mkono linabadilisha kipimo. Zipange duara, mkia wa hii ukigusa kichwa cha inayofuata, upate kona nne.

Pete sasa. Toa waya zake za zamani, chukua waya mwembamba wa vanishi nyuzi tatu, zisokote pamoja kidogo, kisha zipitishe ndani ya pete mara 8. Kila kupita kwenye tundu ni mzunguko mmoja. Tambua nyuzi kwa mita. Uzi wa kwanza ni wa kuingilia. Uzi wa pili na wa tatu unaunga mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine. Ungio hilo ni katikati, na ncha mbili zilizobaki zinakwenda kwenye kona mbili za duara zinazotazamana. Fanya pete ya pili vile vile, ncha zake ziende kona mbili zilizobaki. Pete ya osileta katikati yake ni ethi. Pete ya antena katikati yake ndipo sauti inapotoka. Sauti hiyo ipitishe kwenye koili ndogo ya mikrohenri 100, kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ethi, halafu mikrofaradi 10 kwenda besi ya BC547.

Pete za taa zinafaa hapa kwa sababu transfoma ya bendi pana haijali sana aina ya feraiti. Usije ukazitumia kwenye chujio la kurushia. Hapo zitakula nguvu na kupata moto.

Kati ya antena na pete weka vikopo viwili vya 10.7. Vilitengenezwa kwa megahezi 10.7, hivyo kuvishusha hadi 7.03 lazima kapasita nzima iwe kama mara 2.3 ya ile ya ndani. Ongeza pikofaradi 68 nje ya kila kikopo, sambamba na upande wenye mizunguko mingi. Kama kiini hakifikii kilele, weka 100. Antena inaingia kwenye mizunguko michache ya kikopo cha kwanza, mizunguko michache ya kikopo cha pili inakwenda kwenye pete, na zile ncha zenye mizunguko mingi ziunganishe kwa pikofaradi 4.7 tu. Mbele ya yote weka volyumu nyingine ya kilo-omu 1 kwenye waya wa antena. Jioni utaipunguza hiyo kabla ya ile ya sauti.

Funga antena, hata mita kumi za waya mtini. Zungusha viini kwa bisibisi ya plastiki, polepole, mpaka mvumo unapokuwa mkubwa kabisa, kwanza kimoja halafu kingine, kisha rudi cha kwanza. Mvumo ukiongezeka kila unapochomeka antena, redio yako inasikia. Mvumo ukibaki ule ule, kasoro iko kati ya pete na antena.

Kama unachosikia ni mlio wa nyuki, zima chaja za simu na taa za LED moja moja. Kontrola za sola za bei rahisi nazo ni adui. Muda mzuri wa kujua redio yako ina masikio kiasi gani ni umeme ukikatika mtaa mzima: betri yako inaendelea, mashine zote zinanyamaza, na Morse iliyokuwa imefunikwa inachomoza tii-taa-tii kutoka chini ya mvumo. Majirani wakilalamikia giza, mimi huwa nimevaa hedifoni.

Kurusha

Osileta haikatwi na kitufe cha Morse. Inaendelea wakati wote, na tunachokata ni umeme wa hatua inayofuata. Ndiyo njia ya kuepuka mlio wa ndege kila unapobonyeza. BD140 inakaa kati ya volti 12 na hatua hiyo, emita upande wa betri. Kati ya emita na besi weka kilo-omu 4.7, kisha kutoka besi kwenda kitufe weka kilo-omu 1. Mikrofaradi 1 kutoka kolekta kwenda besi inalainisha mwanzo na mwisho wa kila nukta. Bila hiyo, wimbi linakatika kwa kishindo, na walio kilohezi mbili pembeni wanasikia tiki-tiki zako.

Hatua inayokatwa ni 2N2222. Pikofaradi 100 kutoka emita ya ile transista ya ulinzi inaleta mawimbi kwenye besi. Besi: kilo-omu 2.2 kutoka umeme uliokatwa, omu 470 kwenda ethi. Emita: omu 10 kisha omu 33, na hiyo 33 iwe na nanofaradi 100 sambamba. Kolekta inakwenda kwenye pete ya taa yenye nyuzi mbili zilizosokotwa, mizunguko 8, zikiungwa mfululizo: ncha moja umeme, ncha nyingine kolekta, na kutoka katikati pikofaradi elfu 10 kwenda besi ya BD139.

BD139 yenyewe: omu 47 kutoka besi kwenda ethi, emita ethi kwa mguu mfupi iwezekanavyo, kolekta volti 12 kupitia pete yenye mizunguko 10. Haina umeme wa kuiamsha. Isipopata mawimbi imelala. Mfungie bati la kupooza, na kumbuka kuwa chuma cha mgongoni ni kolekta, kisiguse ethi.

Hesabu moja hapa inafurahisha. Nguvu inayotoka ni volti ya betri ikizidishwa yenyewe, kugawanywa kwa mara mbili ya mzigo. Volti 12 kwenye omu 50 ni 144 gawanya kwa 100, yaani wati 1.44. Antena yetu ni omu 50 hivi, kwa hiyo BD139 inaungwa nayo bila transfoma ya kubadili, kupitia kapasita ya kuzuia volti za betri kisha chujio tu. Ndiyo sababu redio nyingi ndogo za volti 12 zinaishia wati moja na kitu.

Sasa chujio, na hili halina njia ya mkato. BD139 inayofanya kazi hivi inatoa pia 14.060, 21.090 na 28.120, na hizo hukuruhusiwa kuzimwaga hewani. Tunatumia lile la koili tatu na kapasita nne ambalo wenye redio ndogo wamelizoea: pikofaradi 270, 680, 680 na 270 kwenda ethi, na kati yao koili za mikrohenri 1.4, 1.7 na 1.4. Mwenye pete za njano za unga wa chuma, aina ya T37-6, azungushe mara 21, 24 na 21. Asiye nazo achukue bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme ukutani, la milimita 20, na waya wa milimita 0.7. Mizunguko 7 iliyobanana inatoa 1.4 hivi. Mizunguko 8, ikiachanishwa kidogo ifike urefu wa milimita 6.5, inatoa 1.7. Koili hizi za hewa zinaonana, kwa hiyo ya katikati ilaze upande mwingine, iwe pembe mraba na wenzake, na kati yao simamisha kipande cha bodi ya shaba. Kapasita ziwe NP0 za volti 100 au zaidi.

Kupima hakuhitaji vyombo vya ghali. Rizista mbili za omu 100 za wati 1, sambamba, ndizo antena bandia. Zisiwe zile za waya. Juu yake weka 1N4148 na nanofaradi 10 kwenda ethi, kisha soma volti kwa mita. Ongeza 0.7 ya daiodi, zidisha yenyewe, gawanya kwa 100. Ukisoma 9.3 una wati 1. Betri itakuwa inatoa kama miliampia 200 kwa BD139. Ikizidi sana huku nguvu haipandi, kagua chujio kwanza, hasa kapasita uliyosoma namba yake vibaya.

Mwenye RTL-SDR, kidude cha kupokelea redio kwenye kompyuta, asikilize 28.120 wakati anabonyeza, na kidude kiwe chumba kingine kisielemewe. Chujio zuri linaiacha dhaifu sana ukilinganisha na bila chujio. Ukitaka kununua kifaa kimoja tu cha kupimia, nunua NanoVNA. Itakuonyesha chujio lote kwa mchoro na kesho yake itakupimia antena.

Kugeuza na kuachana

Anza na swichi ya mkono yenye njia tatu: moja inahamisha antena, moja inatoa volti 12 kwa upande wa kurusha na kukata amplifaya ya sauti, ya tatu inaendesha rilei ndogo iliyo kando kabisa ya kristali. Hii ya tatu wengi hawaielewi. Ukipokea na kurusha kwenye masafa yale yale kamili, mwenzio akija juu yako huwezi kumsikia, maana tofauti ni sifuri na sifuri haina mlio. Kwa hiyo wakati wa kupokea rilei inaongeza kapasita ndogo ya kurekebishwa sambamba na ile ya pikofaradi 60. Kapasita ikiongezeka, kristali inashuka. Ishushe hezi 700. Sikiliza osileta kwenye redio yenye SSB, ile inayogeuza wimbi tupu kuwa mlio, geuza swichi huku na huku, na pima milio miwili kwa programu ya simu ya kupimia gitaa. Tofauti yake ndiyo unayoitafuta.

Antena ni waya mbili za mita 10.15 kila upande, katikati juu ya mti au mlingoti, ncha zikishuka. Kebo ya TV ya omu 75 inafaa, usihangaike. Usisikitike kama huna mlingoti mrefu. Ikiwa mita sita juu ya ardhi, mawimbi mengi yanapanda wima na kurudi, na kwetu karibu na ikweta mchana hilo linakupa Dodoma kutoka Dar, kama kilomita 400, na hata Nairobi, kama 670. Mbali zaidi, ngoja jua lizame.

Ukiita CQ (wito kwa yeyote anayesikia) mara tatu na alama yako ya wito mara mbili mbili, tazama simu yako kwenye Reverse Beacon Network. Ni vipokeo vinavyosoma Morse vyenyewe na kuandika nani kasikika, wapi, kwa nguvu gani. Barani kwetu vipokeo hivyo ni vichache, hivyo kutokuonekana hakumaanishi hukutoka. Fungua pia kimojawapo cha vipokeo vya KiwiSDR vilivyo wazi mtandaoni na ujisikilize mwenyewe.

Marekebisho

Cha kwanza kukukera kitakuwa kukaa 7.030 pekee. Hapo ndipo kristali ya pili inapoingia: ziunge mbili sambamba, na mfululizo nazo weka koili ya mikrohenri chache kabla ya kapasita ya kurekebishwa. Koili inashusha, kapasita inapandisha, na kristali mbili zinatembea mbali zaidi kuliko moja. Ukiweka koili kubwa mno, zinaacha kuwa kristali na kuanza kuyumba na joto. Ongeza mzunguko mmoja mmoja na usimame masafa yanapoanza kutotulia.

Baadaye utataka bendi nzima, na hapo Si5351, aisii ya kutengeneza masafa, ikiendeshwa na kibodi cha programu kiitwacho Arduino Nano inachukua nafasi ya osileta yote. Kuachana kwa hezi 700 kunakuwa mstari mmoja wa programu, rilei unaitoa. Mimi bado nawaelekeza wanaoanza kwenye kristali, kwa sababu Arduino inaingiza mlio wake kwenye sauti, na asiyejua redio yake ilivyokuwa kimya hatajua mlio umetoka wapi. Ipe regyuleta yake, iweke kwenye kisanduku chake cha bati, na kioo cha kuonyesha namba ndicho cha kwanza kushuku. Kuirekebisha, pokea kituo cha utangazaji juu kidogo ya 7.200. Vituo hivyo hukaa kwenye namba zinazogawanyika kwa kilohezi 5. Sogeza hesabu ya programu mpaka mlio wake ufe.

Nguvu iwe ya mwisho. Weka IRF510, transista ya nguvu, baada ya BD139, na transfoma ya moja kwa nne kwenye kutokea ili omu 50 zionekane 12.5: kwa hesabu ile ile ya juu, 144 gawanya kwa 25 ni 5.76, na ukipata wati 5 za kweli umefanya vizuri. Geti ipewe umeme kupitia volyumu iliyoanzia sifuri, upandishe mpaka dreni inapoanza kuvuta umeme, halafu urudi kidogo. Mgongo wake ni dreni, kwa hiyo tumia mika na washa ya plastiki kwenye bati la kupooza. Kabla ya kubonyeza kitufe, badilisha antena bandia: zile rizista mbili za wati 1 zitaungua. Weka kumi za omu 470 za wati 1, zote sambamba.